Hodi Mbili kwenye Mkono wa Koleo

Wewe ulikuwa unaangalia dari. Usibishe, nilikuona. Dari ya ile maktaba haina chochote cha kuangalia isipokuwa doa la maji ya mvua, lakini Ijumaa ile uliisoma kama gazeti. Jirani yako alizama kwenye simu iliyokwisha chaji. Yule baba mwenye mkoba wa ngozi alikumbuka ghafla kwamba kamba ya kiatu chake imelegea. Akainama, akaifunga, akaifungua, akaifunga tena, mpaka mambo yakaisha. Watu wazima tele, mmekalishwa kwenye viti vya darasa la kwanza, magoti yamefika masikioni, na mbele yenu mtu mzima mwenzenu amemshika mtoto mkono na hataki kumwachia. Na nyinyi mnahangaika kutafuta pa kuweka macho.

Haya, yaweke hapa. Nasimulia pole pole, maana najua wapo watakaosema kesho kwamba hawakuelewa kilichokuwa kinaendelea.

Mtoto mwenyewe ni wa mdogo wangu. Jina lake la nyumbani ni Punje, kwa sababu alizaliwa mdogo hivi kwamba mkunga alimtafuta ndani ya shuka. Mimi ni mama yake mkubwa. Nasuka nywele kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, na kichwa kikishakaa mikononi mwangu nusu siku, kinamwaga kila kilichomo. Wengine wanaweka akiba benki; mimi naweka yaliyosemwa, na sijapoteza hata neno.

Mlimjua Punje wa zamani? Hamkumjua, kwa sababu alijificha. Mteja akiingia, yeye yuko nyuma ya pazia. Mtoto alikuwa radhi akaukiwe na koo kuliko kuomba maji mbele ya mgeni. Shuleni alikuwa anabeba penseli mbili: moja ya kuandikia na moja ya kunyang'anywa. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa utulivu kabisa, kama mhasibu: "Mama Mkubwa, nikibeba moja, nitaandikia nini?" Mnyang'anyi alikuwa msichana wa darasa lake, mwili mkubwa, sauti kubwa, watoto wanamwita Trekta. Mwalimu wa darasa alisema hayo ni mambo ya watoto, yataisha yenyewe. Mmeshaona mambo yanayoisha yenyewe? Niiteni siku moja na mimi nishuhudie.

Ndipo akaja Kocha. Mkisikia kocha wa judo mnafikiria jitu la shingo nene. Huyu ni karani wa posta, mwembamba, miwani yake ameifunga na mpira wa nguo za ndani ili isidondoke. Aliomba ukumbi wa chakula wa shule jioni baada ya masomo, akasukuma meza ukutani, akatandika magodoro ya sponji yaliyoshonewa turubai, akasema watoto waje. Mdogo wangu alimpeleka Punje kwa sababu daktari alisema mtoto anahitaji mazoezi. Baada ya wiki chache alikuja kwangu amewaka.

"Dada, hivi unajua wanafundishwa nini kule? Kuanguka!"

"Kuanguka vipi?"

"Kuanguka! Wanaanguka kinyumenyume, wanaanguka kiubavu, kazi yao ndiyo hiyo tangu waanze. Huyu mtoto kuanguka anajua tangu ana mwaka mmoja, tena bila kocha!"

Nikaenda kuangalia kwa macho yangu. Kweli, ukumbi mzima unalia pu, pu, pu, kama watu wanashusha magunia. Mtoto anajirusha chini, anapiga turubai kwa mkono mzima ili mkono upokee kishindo badala ya kichwa, halafu anainuka. Kocha anapita katikati yao na mpira wake wa miwani. "Umeanguka? Safi. Sasa inuka kabla hujaanza kujihurumia." Aliyelia hakufokewa. Aliambiwa alie akiwa amesimama.

Lakini kilichonishika mimi ni kitu kingine. Pale mkekani, ndivyo wanavyoyaita magodoro yale, wana sheria. Ukishikwa na ukaumia, au ukaogopa tu, unampiga mwenzako kiganja chepesi mara mbili, popote unapomfikia: mkononi, mgongoni. Yeye anaachia hapo hapo. Haulizi kwa nini, hacheki, hamalizii kwanza. Watoto wenyewe wakaiita hodi. Kwingine watu wanapiga hodi waingie. Wao wanapiga watoke. Na anayechelewa kuachia, hata kwa kupepesa jicho, anakwenda kukaa ukutani, miguu amekunja, anawatazama wenzake mpaka aitwe. Siku niliyokuwepo, Kocha mwenyewe alikuwa anamwonyesha kijana mmoja namna ya kukaba, kijana akapiga hodi, Kocha akawa bado anaeleza. Watoto wote wakageuka kumtazama. Kocha akanyamaza, akaachia, akaenda kukaa ukutani. Karani wa serikali, baba wa watu, amekunja miguu ukutani kama mkosaji, na watoto wanaendelea na mazoezi kana kwamba ni jambo la kawaida. Sikuwahi kuona mtu mzima akifanya hivyo. Wewe umewahi?

Punje alipangwa na Trekta. Mdogo wangu angejua siku hiyo angezimia. Trekta alimlalia kifuani kwa uzito wake wote, Punje akabaki miguu inachezacheza kama kombamwiko aliyepinduka. Kisha akanyoosha kiganja, akagusa mgongo wa Trekta, tap, tap. Trekta akainuka.

Jioni hiyo Punje aliniambia habari hiyo mara nne, na hakusema hata mara moja kwamba ameshinda, maana hakushinda. Alisema hivi: "Mama Mkubwa, nilimwambia aache, akaacha!" Macho yamemtoka. Fikiria mtoto mpaka afike umri ule hajawahi kumwambia mtu acha, na mtu akaacha.

Baada ya hapo mambo yakabadilika, si kwa siku moja, na si bila vurugu. Alianza kuomba maji. Akaanza kuomba maji ya baridi. Akaanza kubishana na mama yake kuhusu saa ya kulala, kwa hoja. Siku moja mteja wangu mnene wa heshima zake alikaa kwenye kigoda cha Punje, na mtoto akamwambia, "Shikamoo shangazi, samahani, hapo nimekaa mimi." Mteja alikasirika akasema watoto wa siku hizi. Nilimsuka nikiwa nimekaza meno nisicheke. Penseli ya pili ilibaki nyumbani. Na alipobwagwa kwenye mashindano madogo ya wilaya, tena haraka, alirudi amevimba mdomo akaniambia, "Nimeona nilipokosea," akaomba chakula.

Nanyi mlifurahi! Siku ya wazazi mlijaa uwanjani. Watoto walitoka na sare nyeupe, wakainama kwa adabu, wakarushana, pu, pu, pu, nanyi mkapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mwenyekiti wa kamati ya shule, yule mwenye duka la rangi, alishika kipaza sauti akasema shule hii inajenga watoto wanaojiamini, wasiokata tamaa. Alijitolea rangi yake mwenyewe, ile iliyokuwa inamkaukia dukani, neno JIAMINI likaandikwa kwenye ukuta wa maktaba kwa herufi za kumfikia mtu kifuani. Na Koleo alikuwa mstari wa mbele, anapiga picha.

Ee, Koleo. Mwalimu wa nidhamu. Hilo jina hawakumpa watoto wa leo. Ni letu sisi, tuliosoma pale kabla nywele zake hazijawa na mvi. Anashika nyama ya juu ya kiwiko kwa vidole viwili, anazungusha taratibu, kama mtu anayefungua bomba lililokaza. Haachi alama ya kumpeleka polisi. Huku anaongea kwa upole kuhusu maisha yako ya baadaye. Alifungua bomba hilo kwenye mkono wa mdogo wangu miaka ile, na mdogo wangu, ambaye alikuwa anaimba kuliko wasichana wote wa darasa lake, akaacha kuimba. Mpaka leo akikutana na yule mzee sokoni, anahamishia mkoba wake mkono wa pili ili kiwiko kikae mbali naye. Mwanamke mzima, mama wa mtoto! Mimi nakumbuka. Nyinyi mliosoma pamoja nasi mnakumbuka pia, ila mnasema alitunyoosha.

Basi, Jumanne darasa la Punje lilikuwa na kelele. Koleo akaingia, akashika mkono uliokuwa karibu zaidi na mlango. Mkono ukawa wa Punje. Akaanza kuzungusha na kuongea kuhusu maisha ya baadaye.

Punje akapiga hodi.

Kiganja chepesi, mara mbili, kwenye mkono wa mwalimu. Koleo akaendelea. Mtoto akadhani labda mzee hakuhisi. Akapiga tena, akasema wazi kwa sauti ile ya mkekani, "Mwalimu, hodi."

Darasa likaangua kicheko. Nusu yao ni watoto wa judo, na Trekta alisikika akisema, "Mwalimu aende ukutani!"

Kosa la Punje ni hilo tu, nalikubali mbele ya wote. Alidhani sheria ya mkekani inafanya kazi hata nje ya mkeka. Alidhani kila mtu ameshafundishwa. Nani angemwambia kwamba sivyo? Sisi tuliompigia makofi?

Kufika mchana shule nzima ilikuwa inajua kwamba Punje amempiga mwalimu. Kufika jioni alikuwa amempiga ngumi. Alhamisi kwangu akaja mteja akaniambia kuna mtoto wa judo amemtegua mwalimu bega, je, nimesikia? Nikamwambia nimesikia, kaa utulie nisikuvute.

Ijumaa tukaitwa maktaba. Mwalimu Mkuu alikuwa mezani, Mwenyekiti kando yake, Koleo amesimama na leso mkononi, mgonjwa mtarajiwa. Kocha alikuja na sare ya posta, akawekwa kiti cha mlangoni.

"Sisi hatumhukumu mtu," Mwenyekiti akasema, na nikajua tumekwisha. "Tunataka kuelewa tu. Binti, tuonyeshe ulivyompiga mwalimu."

"Sikumpiga, shikamoo," Punje akasema. "Nilipiga hodi."

"Marahaba. Hodi gani? Ulikuwa mlangoni?"

Mlicheka. Hapo macho mlikuwa nayo.

"Mwalimu, hebu mshike kama ulivyomshika," Mwenyekiti akasema, "tuone."

Na Koleo akamshika. Mbele yenu nyote, chini ya neno JIAMINI, vidole viwili juu ya kiwiko, akazungusha. Punje akapiga kiganja mara mbili. Koleo hakuachia. Na angeachiaje? Akiachia, amekubali kwamba ilikuwa lugha na aliielewa. Punje akapiga tena.

"Mwalimu, amepiga hodi. Mwachie," Kocha akasema, amesimama.

"Kijana, kaa. Wewe hapa ni mgeni," Mwenyekiti akasema.

"Mwachie mtoto!" Hiyo ilikuwa sauti yangu, mliisikia mpaka barabarani.

"Mama, wewe ni mzazi?"

"Mimi ni mama yake mkubwa!"

"Basi wapishe wazazi waseme."

Mzazi alikuwa kando yangu. Mdogo wangu alikuwa amefungua mdomo, na mkono wake mmoja umeshika kiwiko cha mkono wa pili, na hakuna kilichotoka. Naye simlaumu. Yeye alikuwa anashikwa wakati ule ule.

Punje akaangalia chumba kizima. Alipita uso kwa uso, pole pole, akitafuta mmoja aliyeona. Ndipo ulipoikumbuka dari. Halafu akaacha kupiga. Akatanua miguu kidogo kama wanavyofundishwa, akashusha mabega, akamtazama Koleo machoni. Machozi yalikuwa yanamshuka, na macho hayakubanduka. Alisimama hivyo mpaka yule mzee akaachia mwenyewe, akajifuta vidole kwa leso.

"Mmeona wenyewe," Koleo akasema. "Ameinua mkono."

"Tumeona," Mwenyekiti akasema kwa niaba yako.

Wateja wangu wananiuliza, kama anajua judo, kwa nini hakumbwaga? Nilimuuliza Kocha swali hilo hilo pale nje tulipokuwa tunabeba magodoro yake, maana yalishatolewa ukumbini kabla hata kikao hakijaanza. Akarekebisha mpira wa miwani. "Kwa sababu nilimfundisha, mama," akasema. "Mtu anayeogopa ndiye anayebwaga watu hovyo."

Uamuzi mnaujua. Jumatatu asubuhi, kwenye mstari, mbele ya shule nzima, Punje atamwomba mwalimu msamaha kwa kumpiga. Akikataa, atafutiwe shule nyingine. Na judo basi, imeleta ujeuri. Kujiamini kulipovaa sare nyeupe na kuinama mlikupigia picha. Kumefungua mdomo, mnakufukuza.

Leo ni Jumapili. Mchana nilimkalisha Punje kwenye kigoda chake nimsuke, mama yake akawa amekaa kizingitini, anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

"Mwanangu, sema tu samahani," akasema. "Ni neno moja. Utalisema, utarudi darasani."

"Samahani ya nini, mama?"

"Ya yaliyotokea."

"Kilichotokea ni kwamba alikuwa ananiumiza nikamwambia. Niombe samahani kwa kumwambia?"

"Punje, wewe ni mtoto. Hawa ni watu wakubwa."

"Kocha naye ni mtu mkubwa. Alikwenda ukutani."

Mdogo wangu akaweka nguo chini.

"Mimi niliomba," akasema. Miaka yote hiyo, mimi dada yake, sikuwahi kulisikia neno hilo. "Nilikuwa mkubwa kidogo kuliko wewe. Alinipandisha pale mbele, nikaomba msamaha kwa kuvuta mkono wangu. Niliambiwa nikisema tu, yatakwisha."

Punje akageuza kichwa, akaniponyoka na msuko ukafumuka nusu.

"Yalikwisha?"

Mama yake alimtazama mtoto, kama anamwona kwa mara ya kwanza ana umbo gani.

"Unaogopa?" akamuuliza.

"Sana," Punje akasema. "Tumbo linauma tangu jana. Nitasema tu vile ilivyokuwa. Nikisahau, nitaanza upya."

"Wakikufukuza?"

"Nitakuwa nimefukuzwa," mtoto akasema, sauti ikakatika, akalia kidogo pale pale, akajifuta kwa mkono. "Mama Mkubwa, maliza upande huu, unanivuta."

Mdogo wangu akasema, "Mimi nitakuja. Sijui kama nitaweza kusema. Lakini nitasimama pale mbele na wewe, siyo nyuma." Nawajulisha kwamba kwa mtu aliyenyamazishwa miaka mingi kiasi hicho, hiyo ni hotuba.

Kwa hiyo upande wetu tumefika watu wanne: mtoto mwenye tumbo linalouma, mama asiyejua kama sauti itatoka, karani wa posta aliyeambiwa ni mgeni, na msusi ambaye si mzazi. Kamati inasema haibadili uamuzi bila shahidi aliye mzazi wa mtoto mwingine wa shule. Mlikuwemo chumba kizima. Hakuna aliyekuja kwangu. Mmoja wenu alinitumia ujumbe kwamba ananiombea. Namshukuru, na namwomba aniombee akiwa amesimama uwanjani.

Usiniambie una kazi. Kila mtu ana kazi, na mstari ni wa dakika chache. Usiniambie mwanao atachukiwa. Mwanao yuko darasa lile lile, na Koleo hachagui mkono, anashika ulio karibu na mlango. Usiniambie utazungumza na Mwalimu Mkuu pembeni, kwa hekima. Pembeni kumejaa.

Kesho kengele inalia saa moja na nusu. Ingia getini. Usisimame nyuma na madereva, pita mpaka mbele, mahali ambapo watoto watakuona. Punje atakapoambiwa aombe msamaha, usimsubiri amalize kutetemeka. Nyoosha mkono wako wewe, mtu mzima, useme kwa sauti: "Nilikuwepo. Mtoto aliomba aachiwe, hakuachiwa. Niliona." Hayo tu. Huhitaji kuwa shujaa, huhitaji kujua judo.

Mpigie sasa hivi mzazi mwenzako uliyekaa naye Ijumaa, kabla hajapata udhuru wa kesho. Mwambie mnakwenda wote. Kisha njooni.